Mzee wa Vita na Deni la Ukoo Wake

Katika misiba ya Songea, kabla jeneza halijainuliwa kwenda makaburini, mtu mmoja wa ukoo husimama na kusoma historia ya marehemu. Ikiwa aliyefariki ni mzee aliyekula chumvi nyingi, hata vijana waliokuwa pembeni husogea. Alizaliwa kijiji gani, kwa nani, mtoto wa ngapi. Alibatizwa wapi, alioa lini, alikwenda kukata mkonge Tanga kwa miaka mingapi, alirudi akalima wapi. Ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Katikati ya maelezo hayo, kwa wazee wengi wa Ruvuma, upo mstari unaohusu vita.

Kwa kizazi kilichokwisha kwenda, mstari huo ulikuwa wa Keya, askari Waafrika wa Mwingereza. Watanganyika wapatao 87,000 waliingizwa katika jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Bama. Kwa kizazi kinachozeeka sasa, ni vita ya Kagera: majeshi ya Idi Amin yalivamia Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita tarehe 2 Novemba, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo leo anakaribia sabini.

Mara nyingi mstari huo ni mfupi: "Marehemu alishiriki vita." Hausemi alikwenda na nani, aliona nini, nani hakurudi. Naamini ufupi huo ni hasara kubwa, kwa sababu mila za Songea zenyewe zinaudai ukoo mambo matatu kwa mzee aliyepigana: azikwe kwake, jina lake libaki kwa watoto, na habari zake zisimuliwe.

Maziko ya mzee ni kazi ya watu wengi. Wanaume huota moto nje usiku kucha, wanawake hujaa ndani na mjane, majirani huleta unga, maharage na kuni. Wanaotoka mbali husubiriwa, maana si vema mzee kufukiwa kabla mtoto wake wa Dar es Salaam hajatupa udongo. Na watani nao wana nafasi yao. Wangoni wa Songea na Wahehe walipigana vita vikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi 1882, wakamwaga damu nyingi, na leo ni watani. Mtani wa Kihehe anaweza kuketi kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, au akaiga mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, wala hakuna anayekasirika. Nauheshimu sana utaratibu huu. Wajukuu wa maadui wa jana wamepewa haki ya kumtania mpiganaji siku ya maziko yake, na kwa haki hiyo wakawa ndugu wa kumzika.

Jina nalo lina heshima yake. Mbano, Gama, Tawete, Komba, Ngonyani, Haule, Nyoni, Mapunda: majina haya hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kijana wa Songea akiyataja akiwa ugenini, mwenyeji wake huanza papo hapo kutafuta ni ndugu kwa upande gani. Mjukuu aliyepewa jina la babu yake huitwa babu na bibi yake mwenyewe, huchezewa kama mume, na akikosea huambiwa kwamba mwenye jina hakuwa hivyo. Mji mzima unaishi na jina la mzee mmoja wa vita. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897 karibu na makazi ya Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi mashuhuri wa ufalme wa Njelu, mahali pale pakashika jina lake.

Maisha ya nduna huyo ndiyo yanayoonyesha uzito wa mambo hayo matatu. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Baada ya kifo chake huko Ufipa waligawanyika, na waliofika Ruvuma wakasimamisha falme mbili, Njelu na Mshope. Mwaka 1905 vita ya Majimaji ilipowaka katika milima ya Umatumbi, dawa ya maji ililetwa Ungoni na Omari Kinjala. Wangoni wakainua mikuki. Risasi hazikugeuka maji kama walivyoahidiwa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki.

Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Ungoni walinyongwa Songea, akiwemo Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Songea yenyewe huwataja mashujaa 67, na miongoni mwao mwanamke mmoja, Mkomanile. Walizikwa katika kaburi la pamoja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Chabruma, mtawala wa Mshope, alikimbilia upande wa Wareno na akafia huko Msumbiji, mbali na watu wake.

Kwa hiyo wazee hawa walinyimwa jambo la kwanza kabisa. Hakuna aliyeota moto usiku kucha kwa ajili yao, hakuna mtani aliyeketi kaburini, hakuna historia iliyosomwa. Ndiyo maana kumbukumbu inayofanyika Songea kila Februari, kwenye uwanja wa Makumbusho ya Majimaji, mimi naiona kuwa msiba uliocheleweshwa. Wazee wa mila huja wamevaa ngozi, wameshika mikuki na ngao. Ngoma hupigwa, majina hutajwa, mashada huwekwa kaburini. Koo ambazo mwaka 1906 zilitazama kwa hofu sasa zinalia na kujisifu mchana, mbele ya serikali na wageni.

Kwa ukoo wa Mbano msiba huo haujafungwa. Masimulizi ya Songea yanasema kichwa cha nduna kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na familia imekuwa ikikidai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wake, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na kuahidi kusaidia kukitafuta. Mtu wa mbali anaweza kushangaa kwa nini mfupa wa miaka zaidi ya mia moja uwasumbue watu walio hai. Aliyekaa katika msiba wa Songea hatashangaa. Huku mzee haachwi nusu. Tanga haliondolewi ilhali mwili haujakamilika. Familia hiyo inadai haki ambayo kila jirani yake huipata bila kuomba.

Jambo la tatu, habari, ndilo lililo mikononi mwetu zaidi. Mwaka 1968 watafiti wa historia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, Ungoni pakiwemo, kuwauliza wazee habari za Majimaji. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita, lakini wapo walioyaona mambo yale kwa macho wakiwa vijana. Wangechelewa miaka ishirini wangekuta makaburi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kwa upande wa Waafrika, badala ya taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake, imetoka katika vinywa vile.

Wazee wa Keya wengi wametutoka, na Bama yao wameondoka nayo. Wa Kagera bado tunao. Wanakaa barazani Mfaranyaki na Lizaboni, wanalima mahindi Peramiho na tumbaku Namtumbo, wanasali katika jumuiya na majirani zao. Wengi hawasemi mpaka waulizwe kwa adabu, na adabu hiyo tunaijua: mjukuu huketi chini, humsalimu babu, hungoja. Aulizwe alipanda gari wapi siku ya kuondoka. Nani alikuwa pembeni yake. Mama yake alimwambia nini. Rafiki yake aliyebaki Uganda alitoka kijiji gani, na je, wazazi wa rafiki huyo waliwahi kuambiwa alivyokufa? Yaandikwe katika daftari au yarekodiwe kwa simu, kisha nakala ipelekwe kwa wazee wa ukoo, na nyingine makumbusho.

Kazi hii isingoje serikali, na isingoje jeneza. Mzee mwenyewe ayasikie maisha yake yakisomwa akiwa hai, arekebishe palipokosewa, aongeze majina tuliyoyasahau, na watoto wa ukoo wawe wamekaa hapo wakisikiliza.