Matairi Makubwa kwa Pikapu ya Nakivale

Wengi wetu tumeziona pale Mbarara pikapu zilizovishwa matairi makubwa kuliko yale zilizotoka nayo kiwandani, na wenyewe husifiwa sana njiani. Nimetakiwa na wenzangu wa darasani nieleze habari ya matairi hayo, maana nyumbani kwetu, eneo la Juru katika Nakivale, jambo hili lilizungumzwa likizo nzima. Kwetu halikuwa jambo la mapambo. Pikapu ninayoisema ni mali ya nyumba tatu. Hupeleka mahindi na maharage Mbarara, na pengine huamshwa usiku kuchukua mgonjwa. Ikilala wiki moja bila kazi, nyumba zote tatu huona, na ada yangu ya shule hutoka humo humo.

Msomaji asiyefika Nakivale yafaa ajue kwamba makazi haya ya wakimbizi, yaliyo katika wilaya ya Isingiro na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ni nchi pana yenye vijiji vingi, na njia zake za ndani ni za udongo. Mvua ikinyesha, malori huchimba mifereji miwili, na katikati hubaki tuta. Tuta hilo ndilo adui. Gari dogo hupanda juu yake kwa tumbo, magurudumu yakabaki yanazunguka bure, na abiria wakashuka kusukuma. Basi Baba mdogo, ambaye ndiye dereva, alikuwa amekwisha kuweka akiba ya kununua matairi manne makubwa ili gari liinuke.

Kwanza tujue kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Matairi ya pikapu yetu yaliandikwa 205/70R15C. Namba 205 ni upana wake kwa milimita. Namba 70 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 143.5. Namba 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, nayo ni milimita 381. Herufi C huonyesha kwamba tairi limetengenezwa kwa magari ya mizigo. Chukua ubavu mara mbili, uongeze ringi, utapata kimo cha tairi lote: milimita 668. Yale aliyoyataka Baba mdogo yaliandikwa 235/75R15. Fanya hesabu ile ile, utapata milimita 733.5. Ni kubwa zaidi kwa milimita 65.5, au karibu asilimia 10.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Ekseli iko katikati ya gurudumu, si juu yake, kwa hiyo gari haliinuki milimita 65. Huinuka nusu yake tu, kama milimita 33. Nilipomwonyesha Baba mdogo kipimo hicho kwenye rula yangu ya shule, aliitazama sana, akasema, "Mwanangu, fedha yote ile kwa urefu huu?"

Sasa bei yake nyingine, ile isiyoandikwa dukani. Gurudumu ni kama wenzo. Injini huzungusha ekseli kwa nguvu ile ile ya zamani, lakini nguvu hiyo inafika ardhini mbali zaidi na katikati, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyopungua. Katika gia ile ile gari husukuma kwa pungufu ya asilimia 9 hivi. Kwenye tambarare hutaona kitu. Kwenye mlima, ukiwa na magunia ya mahindi nyuma, utashuka gia mapema kuliko jana, na mafuta yatakwenda.

Breki ni mambo hayo hayo, nazo ndizo zilizonitia hofu. Jaribu kuushika mlango karibu na bawaba wakati mwenzako anausukuma kwenye ukingo wake, utaona taabu yake. Breki hushika karibu na katikati ya gurudumu, na barabara huvuta kwenye ukingo. Ukirefusha umbali huo bila kuzidisha nguvu ya breki, dereva lazima akanyage zaidi, na gari lenye mzigo kwenye mteremko huchelewa kusimama.

Tena saa ya mwendo itadanganya. Yenyewe huhesabu mizunguko, haijui ukubwa wa tairi. Ikiwa hapo kwanza ilisema kweli, sasa ikisoma 80, gari linakwenda karibu kilomita 88 kwa saa. Na ikihesabu kilomita 5,000 za kubadili oili, gari limekwisha kwenda karibu 5,500.

Kijana mmoja wa Base Camp alitupinga kwa picha ya Ford Raptor aliyokuwa nayo katika simu. Ni kweli, pikapu hiyo ya Marekani iliyotoka kwa mwaka wa 2010 ilipewa matairi ya inchi 35 tangu kiwandani. Lakini kiwanda hakikufunga matairi tu kikanyamaza: kiliipanua na bodi yake, kikaipa na springi na shokomzoba za safari ndefu ili gurudumu lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Sisi tulikuwa na fedha za matairi peke yake.

Jambo lililomaliza maneno lilikuwa namba ndogo inayofuata zile kubwa, ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Namba hiyo huonyesha mzigo ambao tairi moja laweza kubeba. Matairi yetu ya zamani yalikuwa na 106, yaani kilo 950 kila moja. Yale makubwa tuliyoonyeshwa Mbarara yalikuwa na 105, yaani kilo 925. Makubwa kwa macho, dhaifu kwa mzigo! Kwa gari la kutembelea pengine si kitu, lakini kwa gari la mahindi ni hatari.

Mwishowe yalichaguliwa 225/70R15C yenye namba 112, yaani kilo 1,120, na meno yaliyoachana vizuri. Kipenyo chake ni milimita 696, kwa hiyo gari limeinuka milimita 14 tu. Ni haba, nakubali. Lakini kwa maoni yangu matope ya Nakivale hushindwa zaidi na meno ya tairi, na dereva asiye na haraka, kuliko ukubwa. Tairi pana lenye meno yaliyokwisha huteleza kama sabuni.

Anayetaka kufanya kazi hii ampe fundi muda. Ringi ya zamani ipimwe kama inafaa kwa upana mpya. Gari lipakiwe mzigo, usukani uzungushwe mpaka mwisho kushoto na kulia, huku mtu akichungulia kama tairi linagusa madigadi au springi. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, matairi yote yawe ya kimo kimoja. Kuweka makubwa nyuma peke yake, kama fundi mmoja alivyotushauri, huumiza gia za kugawanya nguvu. Kwa tairi lililokwisha kutumika, tazama tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama limepakwa rangi nyeusi likang'aa. Na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Sisi tulizikaza Kabingo, kabla ya kuiacha lami, na mbili zilikubali kuzunguka kidogo.