Shule tisa za bweni: Ipime afya ya mtoto kabla ya kujaza fomu

Msimu wa kuchagua shule unapowadia, wazazi hutuletea kliniki watoto wenye malalamiko yanayofanana. Tumbo linasokota kila asubuhi. Kichwa kinauma jioni. Usingizi hauji, na chakula hakishuki. Ukimpima mtoto huyo huoni malaria, huoni homa ya matumbo wala vidonda vya tumbo. Lakini ukimwuliza mzazi kinachoendelea nyumbani, jibu ni moja: “Daktari, tunachagua shule.”

Ndiyo sababu leo tunazungumzia jambo ambalo huenda ukadhani ni la walimu peke yao. Je, mwanao aombe nafasi katika shule ngapi za bweni zenye ushindani mkali, na ni zipi?

Kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilipochagua shule za sekondari pevu mwaka wa 2025, kila mwanafunzi alitakiwa kuandika shule 12. Tisa kati ya hizo zilikuwa za bweni, yaani tatu katika kaunti ya nyumbani na sita nje ya kaunti hiyo. Tatu zilizosalia zilikuwa za kutwa, katika kaunti ndogo anakoishi. Shule ziligawanywa katika makundi manne, kuanzia C1, ambamo mna zile tulizozoea kuziita shule za kitaifa, hadi C4, ambazo ni za kutwa.

Kwa hivyo jumla ya shule ilikuwa imeshaamuliwa na Wizara ya Elimu. Swali lililobaki mikononi mwa mzazi lilikuwa hili: kati ya zile tisa za bweni, ngapi ziwe za C1?

Nyavu tisa, ziwa moja

Wazazi wengi hujibu haraka: zote. Husema kwamba ukitega nyavu tisa, moja haikosi kunasa samaki. Hoja hii ni tamu masikioni, lakini ina kasoro. Shule hizo zote humtazama mtoto kwa matokeo yale yale. Ikiwa hayakutosha kumwingiza katika ya kwanza, aghalabu hayatatosha katika ya pili wala ya tisa. Kuongeza majina hakuongezi nafasi, ikiwa majina yote ni ya shule zenye ushindani wa kiwango kimoja.

Tena, mzazi hapigi ramli gizani. Kwa kundi hilo la kwanza, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 ulichangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zikachangia asilimia 20, na KJSEA asilimia 60. Maana yake ni kwamba wakati wa kujaza fomu, asilimia 40 ya safari ilikuwa imeshatembewa. Nenda ukamwone mwalimu wa darasa, umwombe akuonyeshe alama hizo na akuambie ukweli bila kukupaka mafuta.

Baada ya hapo, nashauri hivi. Ikiwa mtoto amekuwa akifanya vyema sana tangu Gredi ya 6, shule tatu za C1 zatosha. Nne ziwe zinazolingana na uwezo wake wa kawaida, na mbili ziwe ambazo hata akiamka na homa siku ya mtihani bado atazipata. Ikiwa matokeo yake ni ya wastani, C1 moja haidhuru, mradi ajue ni bahati nasibu. Na zile tatu za kutwa usizijaze kwa kufumba macho. Kila jina uandikalo ni mahali ambapo mtoto huenda akapelekwa kweli.

Jambo hili lina uhusiano gani na afya? Mtoto ambaye kwa miezi mingi amesikia majina ya shule tisa maarufu tu, hujifunza kwamba shule nyingine yoyote ni aibu. Akipangiwa ya kutwa karibu na nyumbani, huchukulia kwamba amehukumiwa. Huyo ndiye hukataa kula, hujifungia chumbani na kuanza Gredi ya 10 akiwa amevunjika moyo.

Futa kwanza, hesabu baadaye

Kabla ya kuhesabu C1, chukua orodha ya shule zote mnazozifikiria na uipitishe katika chujio la afya. Kumbuka kwamba sita zaweza kuwa mbali na nyumbani, na nchi yetu ina baridi kali na joto kali.

Ikiwa mtoto ana pumu, fikiria mara mbili kuhusu shule za nyanda za juu zenye baridi na ukungu, kama vile za Limuru au Nyahururu. Hewa baridi huweza kuamsha pumu. Akienda, ni lazima awe na inhela yake mfukoni, si kabatini mwa ofisi iliyofungwa usiku.

Mwenye ugonjwa wa selimundu, ule wa chembe za damu zenye umbo la mundu, huweza kushikwa na maumivu makali kwa sababu ya baridi, upungufu wa maji mwilini au uchovu. Kwake yeye, shule iliyo karibu na hospitali inayoujua ugonjwa huo ni bora kuliko jina kubwa.

Mtoto aliyelelewa Nairobi au Nyeri hana kinga ya kutosha dhidi ya malaria. Akipelekwa shule iliyo karibu na Ziwa Victoria au Pwani, alale ndani ya neti yenye dawa, na homa yoyote ipimwe damu siku hiyo hiyo.

Mwenye kifafa asilale kitanda cha juu, na asikeshe, kwani kukosa usingizi huleta degedege. Mwenye kisukari cha kudungwa insulini anahitaji friji ya kuhifadhi dawa, chakula kwa saa maalumu na mtu mzima anayejua dalili za sukari kushuka.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hunong’ona tu, nalo ni kukojoa kitandani. Takriban kijana 1 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 bado ana tatizo hili. Si uvivu wala ukaidi, na lina matibabu. Mlete kwa daktari miezi kadhaa kabla ya kuripoti shuleni, usingoje wiki ya kununua sanduku.

Tembelea bweni, si lango tu

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na serikali mwaka wa 2008 unataka nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya vitanda, milango inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na vyuma. Haya si mapambo. Septemba 2024, wanafunzi 21 walifariki katika moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri. Mpangilio huo wa vitanda pia hupunguza kuenea kwa upele, mafua na kifua kikuu.

Uliza kuna muuguzi au la, maji ya kunywa yanatoka wapi, na wanafunzi huamshwa saa ngapi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Shule inayozima taa saa nne na nusu usiku na kupiga kengele saa kumi alfajiri inampa saa tano na nusu tu. Aidha, hakikisha jina la mtoto limo katika usajili wako wa SHA, bima iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024.

Ikiwa unafikiria pia shule za kibinafsi zenye mitihani yao ya kuingilia, mbili zatosha. Kila mahojiano ni nauli, ada na usiku mwingine wa wasiwasi.

Dalili za hatari

Hofu kidogo kabla ya mtihani ni ya kawaida. Lakini mpeleke mtoto kwa daktari ikiwa hajalala vizuri kwa zaidi ya wiki mbili, anapungua uzito, ameacha marafiki na michezo, au analia mara kwa mara bila kusema sababu. Akitamka kwamba ni afadhali afe, usimkemee wala usidhani ni mzaha. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mzazi aliye na mtoto wa Gredi ya 9, anza kwa kuuliza shuleni mwongozo wa mwaka huu, kwani masharti huweza kubadilishwa. Kisha keti na mwanao mezani, televisheni ikiwa imezimwa, na umwombe aandike majina yake kabla hujataja yako. Kwa kila jina, mwulize swali moja: “Ukipelekwa hapa, utakwenda kwa moyo mkunjufu?” Akisita, msikilize hadi amalize. Huenda anajua kuhusu kifua chake, usingizi wake au kitanda chake jambo ambalo hajapata nafasi ya kukuambia.