Kadi za Maganda ya Migomba

Katika miji ya Marekani na Uingereza wapo watu, aghalabu kina mama wenye wasaa wa jioni, ambao kila mwezi hulipa ada yao na kuletewa na posta hadi mlangoni sanduku dogo la kutengenezea kadi za salamu, na ndani yake wakakuta karatasi zilizokwisha kukatwa kwa kipimo, mihuri ya mpira, wino, gundi na bahasha, hata kazi inayowabakia ni kukunja, kupiga muhuri na kubandika. Sanduku kama hilo likielekezwa Butembo, mashariki mwa Kongo, sijui ni tarishi gani angelifikisha.

Maana desturi yenyewe ya kadi ni mtoto wa posta. Uingereza ilipoweka nauli ya barua kuwa peni moja mwaka 1840, watu wakaanza kuandikiana bila hesabu, na mwaka 1843 Henry Cole wa London, alipoelemewa na barua za Krismasi zilizongoja majibu, akamwagiza mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya kuwajibia wote, zikapigwa chapa nakala 1,000 hivi na zilizozidi zikauzwa shilingi moja moja. Huku Kivu ya Kaskazini posta haikupata kuwa na mazoea ya kubisha hodi nyumbani kwa mtu. Barua zilingoja katika visanduku vyake, na huduma hiyo nayo ilipodhoofika, misheni na mashirika ya Butembo na Beni yakajizoeza kupokea barua kwa masanduku ya Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Walakini kadi za mkono hutengenezwa katika Kivu, kama ilivyo Uganda na Rwanda, na malighafi yake haikuagizwa kokote.

Ni mgomba. Lile tunaloliita shina lake ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine, na hukauka yakianzia nje, kila moja na rangi yake: lililopigwa na mvua na jua hukoza hata kukaribia weusi, linalofuata huwa la kahawia, na lililokauka kivulini hubaki na weupe wa pembe. Fundi hayatii rangi. Huyachambua, akayalowesha kwa kitambaa chenye maji, akayanyoosha chini ya kitu kizito au kwa pasi ya makaa, kisha akaketi na wembe na karatasi ya bristoli iliyokunjwa kati. Huanza na kilicho mbali: milima kwanza, kwa ganda jepesi lenye mistari yake ya asili, kisha miti, kisha watu kwa ganda jeusi kuliko yote, wasio na macho wala midomo, kwa kuwa wembe hauwezi kuchonga uso wenye ukubwa wa punje ya mtama. Mbingu haibandikwi kitu; weupe wa karatasi ndio mbingu. Kile wauzaji wa masanduku ya Marekani wanachojisifia, yaani vipande vilivyokwisha kukatwa, ndicho hasa kinachomfanya huyu aitwe fundi, na angeletewa hivyo angeuliza amebakiziwa nini.

Wala mgomba si mali ya kudumu. Ugonjwa wa mnyauko, uliogunduliwa mara ya kwanza nchini Kongo huko Masisi mwaka 2001, umeenea katika mashamba ya jimbo hili, na migomba iliyoambukizwa hukatwa. Hasara ya ndizi ni ya kwanza kuhesabiwa, na ya maganda hakuna aihesabuye.

Lakini nina neno juu ya picha zenyewe. Karibu zote zina kibanda cha nyasi, ngoma, mtumbwi, na mwanamke aliyebeba kapu mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Huyo mwanamke ni kweli. Yumo njiani kila asubuhi kati ya mashamba ya Wanande, wenyeji wa huku, na soko. Hivyo vingine vimewekwa kwa ajili ya macho ya mgeni, kwani mnunuzi wa kadi hizi alikuwa mmisionari, daktari au mtumishi wa Umoja wa Mataifa anayetaka kupeleka kwao Afrika aliyokwisha kuifikiria kabla hajaja. Butembo ni mji wa mabati na maduka, wa wafanyabiashara wanaosafiri hadi Dubai na Guangzhou kufuata bidhaa, na mteremkoni vijana hupita juu ya baiskeli za mbao ziitwazo chukudu, zilizosheheni magunia. Chukudu ina pembe, magurudumu na uwiano unaomfaa sana mkataji wa wembe. Nami siamini kwamba haiuziki.

Mwenyeji naye, Bonane, yaani Mwaka Mpya, ikikaribia, hutuma picha kwa simu, na kwa harusi hupiga chapa mialiko katika vibanda vya kutolea nakala. Anayenunua kadi ya ganda humnunulia mtu mmoja makhsusi, aghalabu aliye mbali, na ndani huikuta tupu, jambo linalonipendeza kuliko maneno ya Kifaransa yaliyopigwa chapa tayari, kwa sababu humlazimu kuandika kwa Kinande au Kiswahili chake. Kisha humkabidhi dereva wa basi aendaye Beni au Kasindi, na juu ya bahasha, badala ya anwani, huandika jina na nambari ya simu.