Kikao cha Kwanza kwa Mshauri Nasaha

Pale Kenyatta Market, jijini Nairobi, kichwa kimoja husukwa na wasusi watatu, pengine wanne, kwa wakati mmoja, na bado mteja hukaa kitini kwa muda mrefu. Katika muda huo husemwa mengi: mume aliyehama nyumba, mkopo wa chama usiolipika, mtoto wa kidato cha tatu aliyeacha kula na wenzake. Wasusi husikiliza huku vidole vinakwenda, na mara kwa mara mmoja hutia neno: "Pole, dada. Hayo hata mimi yalinipata." Nawaheshimu sana wanawake hawa. Wengi wanaofika chumbani mwangu mwa ushauri nasaha walitamka shida yao kwa mara ya kwanza mbele ya mtu kama wao, kabla ya daktari yeyote kuisikia.

Kutoka vibandani hapo hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta si mbali kwa miguu. Huko kuna kliniki ya afya ya akili. Kwenye Mbagathi Way kuna kituo cha Amani Counselling, ambacho kimetoa ushauri nasaha na kuwafunza washauri kwa miongo kadhaa. Hata hivyo kuna watu ambao hupita nje ya milango hiyo kwa miaka bila kuingia. Wengine hawana nauli wala ada, na hilo ni tatizo la kweli. Lakini wengi wanaoniambia walichelewa husema walizuiwa na kitu kingine: hawakujua wangekuta nini ndani.

Kuna wanaodhani kwamba ukimwona mshauri, hatua inayofuata ni Mathari. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910, enzi za mkoloni, kuwa mahali pa kuwafungia walioitwa wendawazimu, na vizazi vimekua vikisikia jina lake likitumiwa kama tishio. Wengine wana picha iliyo kinyume kabisa. Wao walikutana na ushauri nasaha katika vituo vya VCT, vya kupima virusi vya UKIMWI, vilivyoenea nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pale uliingia, ukaelezwa, ukatolewa damu, ukapewa majibu, ukaenda zako. Mtu wa namna hii hukaa mbele yangu, husimulia kwa dakika kumi, kisha huniuliza, "Sasa daktari, nifanye nini?" Anangoja shauri kama anayengoja dawa dirishani.

Kikao cha kwanza hakiendi hivyo, na ni heri ulijue hilo mapema usije ukatoka umevunjika moyo.

Utaanza kwa kujaza fomu: jina, umri, mtu wa kupigiwa simu pakitokea dharura, dawa unazotumia. Utapewa pia karatasi ya ridhaa. Isome yote kabla ya kutia sahihi, na kama imeandikwa kwa lugha isiyokukaa vizuri, omba uelezwe. Kikao chenyewe huchukua kama dakika 45 hadi saa moja. Mshauri atauliza kilichokuleta, na kwa nini umekuja sasa na si mwaka jana. Atauliza unalala saa ngapi, unakula vipi, unakunywa pombe kiasi gani, nani yuko nyumbani, nani alikulea, nani alifariki. Maswali mengine utayaona hayahusiani na shida yako. Mtu aliyekuja kwa sababu ya ugomvi kazini hushangaa kuulizwa juu ya baba yake. Una haki ya kusema, "Hilo bado siko tayari kulizungumzia," na mshauri mzuri ataliacha likae.

Huenda ukapewa dodoso fupi la maswali 9 linaloitwa PHQ-9, ambalo pia lipo kwa Kiswahili. Linauliza hali yako ya wiki 2 zilizopita: kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, kushindwa kutuliza akili. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Alama hizo hazitoshi kutoa hukumu. Kazi yake ni kumwonyesha mshauri pa kuchimba zaidi, na baada ya wiki kadhaa mnaweza kulijaza tena mkaona kilichobadilika. Swali la mwisho huuliza kama umekuwa ukiwaza kwamba heri ungekufa, au kuwaza kujidhuru. Nakusihi, lijibu kwa ukweli.

Nalisisitiza kwa sababu ya hofu niliyokuwa nikiiona machoni mwa watu likifikiwa swali hilo, na haikuwa hofu ya bure. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa ambalo mtu angeweza kufungwa hadi miaka 2. Aliyenusurika alitoka wodini akakutana na polisi. Januari 2025, katika kesi iliyohusisha Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwangu mimi, hakuna uamuzi wa mahakama uliogusa kazi yetu kwa kina kama huo. Ukimwambia mshauri kwamba umechoka kuishi, atakuuliza zaidi, atapanga nawe namna ya kuwa salama usiku huo, na huenda akaomba ruhusa yako ampigie mtu unayemwamini.

Hapo tunafika kwenye siri. Mshauri anapaswa kukueleza mipaka yake siku ile ile ya kwanza, bila kungoja umuulize. Usemayo hayatoki nje, isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, pale mtoto anapodhulumiwa, au mahakama inapoagiza. Mumeo, mama yako au mwajiri anayelipia kikao hana haki ya kuambiwa yaliyozungumzwa. Hapa ndipo chumba chetu kinapoachana na kiti cha msusi. Msusi anaweza kuwa na moyo mwema kupita wangu, lakini jirani yako amekaa kiti cha pili, na msusi mwenyewe hajafungwa na kiapo chochote. Na wala huwezi kumlilia wiki baada ya wiki bila naye kukueleza yake. Mbele ya mshauri, saa hiyo ni yako peke yako.

Usitarajie kutoka ukiwa mwepesi. Wengine hulala vizuri usiku huo, lakini wengi hurudi nyumbani wakiwa wamechoka, macho yamevimba, na siku mbili tatu wanajiona vibaya kuliko walivyoingia, maana yaliyofungiwa miaka mingi yameguswa. Ukiweza, usipange kikao cha kwanza saa moja kabla ya mkutano au zamu ya kazi.

Je, mazungumzo yanasaidia kweli, au ni mambo ya wenye nafasi? Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wenye sonona walikutana katika vikundi kila wiki kwa wiki 16. Vikundi viliongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki 2 tu. Mwishoni, asilimia 6.5 ya waliokuwa vikundini ndio waliobaki na sonona, ilhali katika vijiji ambavyo havikupata huduma hiyo walikuwa asilimia 54.7. Karibu zaidi na hapa, upande wa Dagoretti, wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa waliwapa vikao 5 wanawake wenye msongo mkubwa, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma za kijinsia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: msongo wao ulipungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Vikao 5, si miaka 5. Kumbuka kwamba katika mifano yote miwili watu walirudi kila wiki. Anayekuja mara moja akatoweka hajapata nafasi ya kujua kama ingemfaa.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize. Je, amesajiliwa? Tangu sheria ya mwaka 2014, washauri na wanasaikolojia nchini wanatakiwa kusajiliwa na bodi yao, na mtaalamu wa kweli hatakasirika ukiomba kuona cheti chake. Anatoza kiasi gani, na je, hupunguzia wasio na uwezo? Mtazungumza lugha gani? Kulia kwa lugha ya mama si sawa na kulia kwa lugha ya ofisini. Fahamu pia kwamba mshauri haandiki dawa. Akiona unazihitaji, atakuelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili, na mara nyingi wawili hao hufanya kazi pamoja.

Akianza kukuhubiria, akikutaka kimapenzi, akikuomba mkopo au akikuuzia biashara, ondoka, na upeleke malalamiko kwa bodi. Na kama hakufanya kosa lolote ila moyo wako umekataa kumfungukia hata baada ya vikao viwili vitatu, mwambie. Hilo hutokea, nasi hatulichukui kama tusi. Tutakusaidia kumpata mwingine.

Ila ukisoma haya huku umekwisha kupanga kujidhuru, usingoje miadi. Mwambie sasa hivi mtu aliye karibu nawe, hata msusi wako, akusindikize hadi idara ya dharura ya Hospitali ya Kenyatta. Iko wazi usiku na mchana.