Kinga ya SIDA: nani anathubutu kuiomba?

Bamama na dada, gazeti hili linasomwa na jamaa lote, kwa hiyo tutasema wazi lakini kwa adabu.

Katika kikao cha juma lililopita, dada mmoja anayefanya biashara kwenye mpaka wa Kasumbalesa alituuliza: "Ninalala njiani siku tatu, nne, kati ya malori. Nikiomba kinga, wananiuliza mume yuko wapi. Sasa niende wapi?" Hakuna aliyecheka.

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni karibu kilomita 90. Malori ya shaba hupanga mstari, na madereva hungoja. Mahali wanapongoja pana chakula, bia, kitanda, na mwanamke anayetafuta pesa ya masomo ya watoto. Hatumhukumu. Wengine ni dada zetu wa tumbo moja.

Kinga yenyewe ni vidonge vinavyoitwa PrEP. Unapimwa damu kwanza, maana ni vya asiye na virusi, kisha unameza kimoja kila siku. Kondomu inataka mwanaume akubali. Kidonge hakimwombi ruhusa. Lakini hakizuii mimba, kaswende wala kisonono, kwa hiyo kondomu tusiitupe. Na aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu, akimbie hospitali kabla ya saa 72 kwisha: kuna dawa nyingine, PEP, ya siku 28.

Ugumu uko kwenye kuiomba. PrEP inafanana na dawa za wagonjwa wa SIDA. Mtu akiona chupa chini ya godoro, kartye nzima inajua "ugonjwa" wako kabla ya jioni.

Halafu ukaja mwaka 2025. Huduma nyingi za SIDA hapa Haut-Katanga zilibebwa na PEPFAR, mpango wa Marekani. Januari misaada ikasimamishwa. Februari ikatoka ruhusa: PrEP kwa pesa hiyo ikawa ya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Tunafurahi kwa ajili yao. Lakini yule wa kando ya malori je, ashike mimba kwanza ndipo alindwe?

Kuna habari njema pia. Sindano ya lenacapavir hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Ilijaribiwa Uganda na Afrika Kusini, na kati ya wanawake zaidi ya 2,000 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Sindano haina chupa ya kuficha.

Kwa sasa mama wawili wa chama wamekubali kumsindikiza yeyote anayeogopa kwenda peke yake. Jumanne tulikaa kwenye benchi na dada yetu wa Kasumbalesa, saa mbili nzima. Alipimwa, hana virusi. Kuhusu vidonge, aliambiwa arudi Ijumaa. Tutarudi naye.