Kuota na Kujua Kwamba Ni Ndoto

Ndoto ya kujitambua ni ile ambayo mlalaji, akiwa bado katika usingizi wake, hung'amua kwamba anayoyaona na kuyatenda ni mambo ya ndotoni, na pengine akaweza hata kuigeuza njia ya ndoto hiyo kwa hiari yake. Jina la jambo hili katika lugha za Ulaya lilienezwa na Frederik van Eeden, daktari wa akili na mwandishi wa Kiholanzi, katika makala yake ya mwaka 1913, ingawa jambo lenyewe ni kongwe kuliko jina, kwani Aristotle alikwisha kuligusia katika maandishi yake kuhusu ndoto, na watawa wa Kibudha wa Tibet wamelifanya kuwa sehemu ya mafunzo yao kwa karne nyingi. Swali ambalo anayeanza huliuliza kabla ya mengine yote ni la muda, yaani atasubiri siku ngapi, na majibu anayopewa hupingana vikali: huyu humwahidi usiku 3, yule humtaka avumilie mwaka mzima. Kupingana huko kunatokana zaidi na kwamba wanaojibu hawapimi kitu kimoja.

Kwanza, huyo anayeitwa mwanafunzi mpya mara nyingi si mpya kabisa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, ambao ulikusanya tafiti za miaka 50, ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu wamewahi kuota ndoto ya kujitambua angalau mara moja maishani, na kwamba asilimia 23 huipata mara moja au zaidi kwa mwezi. Wengi wao hawakufundishwa na mtu. Pengine ilikuwa utotoni, wakati wa kukimbizwa na mnyama, ambapo mtoto alijiambia kuwa hii ni ndoto tu na kujilazimisha kuamka. Mtu wa namna hiyo anapoanza mazoezi huwa anaurudia mlango aliokwisha kuupita bila kujua, na ni kosa kuhesabu siku zake sawa na za yule ambaye hata ndoto za kawaida hazikumbuki inapofika asubuhi.

Kumbukumbu hiyo ya asubuhi ndiyo msingi wa hesabu yote, na hakuna anayeithibitisha vizuri kuliko Marquis d'Hervey de Saint-Denys, mtaalamu wa Kifaransa wa lugha ya Kichina aliyezaliwa mwaka 1822, ambaye alianza kuandika na kuchora ndoto zake katika daftari akiwa na umri wa miaka 13, na mwaka 1867 akatoa kitabu kuhusu ndoto na njia za kuziongoza. Kwa maelezo yake mwenyewe, ndoto yake ya kwanza ya kujitambua ilimjia katika usiku wa 207 wa daftari hilo, yaani baada ya karibu miezi 7. Miezi 6 baadaye alikuwa akizipata usiku 2 kati ya 5, mwaka ulipotimia zikawa usiku 3 kati ya 4, na baada ya miezi 15 zilimjia karibu kila usiku. Inafaa kuangaliwa kwamba kijana huyu hakuwa na mwalimu wala mbinu, na hakuanza daftari lake kwa kusudi la kujitambua ndotoni. Alizoea tu kuzitazama ndoto zake kwa makini mchana, mpaka mazoea hayo yakamfuata usiku. Inafaa pia kuangaliwa, jambo ambalo wenye haraka hulisahau, kwamba kutoka ndoto ya kwanza hadi kuimudu kazi hiyo kulimchukua muda mrefu kuliko kuifikia ile ya kwanza.

Karne moja baadaye, mwanasaikolojia wa Kijerumani Paul Tholey alijaribu kuifupisha njia hiyo kwa kumtaka mwanafunzi ajiulize mara kadhaa kila siku, hasa linapotokea jambo lisilo la kawaida, kama wakati huo yuko macho au anaota. Hoja yake ni kwamba lile ambalo mtu amelizoea mchana hulifanya ndotoni pia, kama vile mshonaji anavyojikuta ameketi mbele ya cherehani yake akiwa amelala, na siku swali hilo litakapoulizwa ndani ya ndoto, jibu lake litakuwa tofauti. Tholey aliandika kwamba watu ambao hawakuwahi kupata ndoto ya namna hii waliifikia ya kwanza baada ya muda wa kati wa wiki 4 hadi 5, maana yake nusu yao waliipata kabla ya muda huo na nusu baada yake, na tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno. Sharti la njia hii ni kwamba swali liulizwe kwa dhati. Anayejiuliza huku mawazo yake yako kwenye simu atajiuliza vivyo hivyo ndotoni, kisha atajijibu kwamba yuko macho na kuendelea na safari yake ya kupaa juu ya nyumba.

Hatua iliyobadilisha hesabu zaidi ilihusu saa ya usiku badala ya wingi wa siku. Tangu mwaka 1953, ugunduzi wa Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman mjini Chicago ulipotangazwa, imejulikana kwamba usingizi una vipindi ambavyo mboni huchezacheza kwa kasi chini ya kope huku misuli ya mwili ikilegea, na kwamba ndoto nyingi zilizo wazi hutokea katika vipindi hivyo. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, navyo ni vifupi mwanzoni mwa usiku na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia, ndiyo maana juhudi za anayeanza saa nne usiku, anapolaza kichwa kwenye mto, kwa kawaida hupotea bure. Akilala saa nne, kisha akaamka saa tisa usiku, akakaa macho kwa muda na kurudi kitandani, hurudi moja kwa moja kwenye sehemu ya usiku iliyojaa ndoto akiwa na akili iliyochangamka. Wanaoamka kula daku na kulala tena baada ya sala wamo katika hali inayofanana na hiyo bila kukusudia, na si ajabu kwamba ndoto za usingizi huo wa pili hukumbukwa kuliko nyingine.

Kuamka peke yake hakutoshi, kwani lazima mtu arudi kulala akiwa na nia. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alibuni mbinu ambayo mlalaji, baada ya kuamka kutoka kwenye ndoto, huikumbuka kwa ukamilifu, hujiambia kwamba atakapoota tena atakumbuka kuwa anaota, na hujiona kwa macho ya moyo akiwa ndani ya ndoto ile ile akiitambua. Nguvu inayotumika hapo ni ile ile ya mtu anayejiwekea moyoni asubuhi kwamba akitoka kazini atapitia sokoni kununua chumvi. LaBerge, aliyejifanya mwenyewe kuwa somo la utafiti wake, aliandika karibu ndoto 400 za kujitambua katika miaka 3, na mbinu hiyo ilipokomaa aliweza kupata zaidi ya 20 kwa mwezi.

Mbinu hizo zilipopimwa kwa watu wengi, takwimu zilipungua, lakini hazikufutika. Utafiti wa Denholm Aspy na wenzake huko Adelaide, Australia, uliochapishwa mwaka 2017 na uliohusisha watu 169, ulionyesha kwamba waliounganisha swali la mchana, kuamka baada ya saa 5 za usingizi na kunuia kabla ya kulala tena, walifanikiwa kwa kiwango cha asilimia 17 hivi ndani ya wiki moja, ilhali swali la mchana peke yake halikuleta faida ya maana katika muda mfupi kama huo. Lililo muhimu zaidi kwa anayeanza ni kwamba waliopata usingizi ndani ya dakika 5 baada ya kunuia walifanikiwa karibu mara 46 kati ya 100, kwa hiyo anayekesha akijilazimisha huiharibu kazi yake mwenyewe. Kwa makadirio ya haraka, mtu anayekumbuka ndoto zake vizuri na kujaribu usiku 2 kwa wiki atakuwa na majaribio 8 kwa mwezi, na kama jaribio moja kati ya 6 hufaulu, basi mwezi mmoja au miwili ni matarajio ya haki, yasiyo mbali na wiki za Tholey. Ahadi ya usiku 3 si uongo kwa kila mtu. Ni bahati ya wachache inayouzwa kama kawaida ya wote.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Galantamini, dawa inayotumiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ilijaribiwa na LaBerge na wenzake kwa watu 121 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na kipimo cha miligramu 8 kiliwapa ndoto ya kujitambua asilimia 42, dhidi ya 14 kwa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Lakini watu hao walikwisha kufundishwa mbinu, na dawa ya ubongo haifai kumezwa bila daktari kwa ajili ya ndoto. Kinyume chake, utafiti wa mwaka 2019 ulikuta kwamba waliofanya taamuli, yaani mazoezi ya kutuliza na kuangalia fikra, kwa miaka mingi huota ndoto hizi zaidi ya wengine, ila kozi ya wiki 8 ya mazoezi hayo haikuongeza kitu.

Anayeharakisha kwa kuamka kila usiku hulipa kwa uchovu wa mchana, na mwenye maradhi ya akili yanayomfanya achanganye ya kweli na ya kuwaza anashauriwa asiyaguse mazoezi haya. Wengine hukutana na jinamizi, hali ya kuamka akili ilhali misuli bado imelegea, ambapo mtu huhisi amekandamizwa kifuani na hawezi kupiga kelele. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya muda mfupi, na anayejua asili yake huogopa kidogo kuliko asiyejua.

Ndoto ya kwanza inapofika, kwa kawaida huwa fupi sana, kwa sababu furaha ya kuitambua humwamsha mwotaji papo hapo, na LaBerge alipendekeza kusugua viganja au kujizungusha ndani ya ndoto ili isikatike. Ufupi huo hautokani na muda wa ndotoni kwenda kwa kasi nyingine, kama inavyodhaniwa na wengi. Waotaji stadi walioashiria kwa macho maabarani wakiwa wamelala, kisha wakahesabu sekunde 10 ndotoni na kuashiria tena, walitumia takriban muda ule ule ambao wangeutumia wakiwa macho, na majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kuchuchumaa na kusimama ndotoni huchukua hata muda mrefu zaidi kuliko mchana. Mwanafunzi mpya, aliyengoja wiki 5 au miezi 7, mara nyingi huwa amekwisha kuamka kabla hesabu yake haijafika 10.