Mbwa wa Boma: Afya Yake na Yetu

Vikundi vyetu hapa Mwatate vikiandika hesabu ya mifugo, huandika mbuzi, kuku, ng'ombe wa maziwa, na mizinga ya nyuki kwa wale walio nayo. Mbwa haandikwi. Lakini ni nani anayebweka usiku mwizi akinyemelea zizi? Ni nani anayewafukuza nyani na tumbili mahindi yakianza kukomaa? Basi leo tumzungumzie mbwa, maana anatufanyia kazi bila mshahara, na tusipomtunza anaweza kutuletea ugonjwa usio na tiba.

Tuanze na chakula. Wengi husema mbwa wa kienyeji ni mwembamba kwa asili, na ni kweli. Hata Waingereza wana mbwa wao wa mbio aitwaye greyhound, mwenye kifua kirefu na tumbo lililoingia ndani, na mbavu zake za mwisho huonekana hata akiwa mzima kabisa. Kwa hivyo usimpime mbwa wako kwa macho tu. Mpitishe mkono mgongoni na kwenye nyonga. Ukiona mifupa imechomoza na hakuna nyama kabisa, huo si wembamba wa asili. Ana njaa, au ana minyoo, au vyote viwili.

Ugali mkavu peke yake haumtoshi. Uchanganye na mchuzi, dagaa, maharagwe yaliyoiva vizuri au mabaki ya nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Maji nayo tusiyasahau. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na jua la huku chini, toka Voi mpaka Maktau, tunalijua. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa pasipo kivuli wala maji, unamuua polepole.

Siku ya kuchinja mbuzi kuna jambo la kuangalia. Ukiona kwenye ini au mapafu kuna vifuko vyenye maji, usiwatupie mbwa. Ndani ya vifuko hivyo kuna vijidudu ambavyo hugeuka kuwa tegu tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya na udongo, na mtoto anayecheza hapo anayameza. Baada ya miaka vifuko kama vile vile huota ndani ya ini la mtu. Ndugu zetu wa Turkana wameteseka sana na ugonjwa huu. Vifuko vichomwe au vifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Dawa ya minyoo apewe kila miezi mitatu, kwa kipimo atakachosema afisa wa mifugo. Tusikisie na dawa ya ng'ombe.

Kupe na viroboto huonekana zaidi masikioni, kwapani na kati ya vidole. Kupe wachache unaweza kuwatoa kwa mkono uliovikwa mfuko wa plastiki, ukivuta taratibu bila kuwapasua. Wakiwa wengi, mbwa aogeshwe kwa dawa ya mifugo ambayo afisa amekubali itumike kwa mbwa, ikapimwa kama ilivyoandikwa. Dawa ya kunyunyizia mboga ni sumu kwake. Halafu kuna hii desturi ya kumpaka mbwa mwenye upele oili chafu ya gari. Jamani, tuiache. Mbwa hujilamba, na ile oili inaishia tumboni. Upele wa mbwa una sindano yake, na anapona.

Sasa tabia. Watoto wetu wengi huumwa na mbwa wa nyumbani au wa jirani, wala si wa porini, kwa sababu hatukuwafundisha kumsoma. Mbwa akitikisa mkia si lazima awe amefurahi. Mkia ukiwa umesimama wima na kutikisika kwa haraka huku mwili umekaza, anaonya. Masikio yakilala nyuma na mkia ukiingia katikati ya miguu, anaogopa, na mwoga huuma upesi. Akinguruma usimpige. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kuonya. Mtoto asimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Akikutana na mbwa mgeni njiani, asikimbie, maana kukimbia ndiko kunakomwita mbwa afukuze. Asimame kimya, mikono chini, asimkazie macho, mpaka mbwa aende zake.

Kumjua mbwa wako akiwa mzima ndiko kutakusaidia kumtambua akibadilika. Kichaa cha mbwa kinajulikana Kenya toka 1912, na kina sura mbili. Ya kwanza tunaijua sote: mbwa mpole anakuwa mkali, anatangatanga, anauma watu, mawe, hata hewa. Ya pili ni ya kimya. Taya la chini linalegea, mate yanadondoka, sauti inabadilika, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anadhani mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono autoe. Mate yale yakigusa mchubuko mdogo tu, mtu anaweza kuambukizwa bila kuumwa. Mbwa wa namna hiyo usimshike. Watoto waondolewe, na afisa wa mifugo aitwe.

Mtu akiumwa, kukwaruzwa, au kulambwa penye kidonda, kazi ya kwanza ni sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa mtungi na mwingine aoshe. Usipake pilipili, majivu wala jiwe jeusi. Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, iwe ya Mwatate au ile ya rufaa ya Moi kule Voi. Kama kuna namba ya simu, pigeni kwanza muulize kama chanjo ipo, maana nauli ya bure inauma. Sindano ni kadhaa, kwa tarehe maalum, na zote zimalizwe. Mbwa aliyeuma, kama anapatikana, afungiwe mahali salama na aangaliwe kwa siku 10, lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe. Dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwingine hata mwaka, na zikishatokea hospitali karibu kamwe haimwokoi mtu. Ndiyo maana kidonda kupona si kusema hatari imekwisha.

Mbwa wenyewe wakichanjwa, hayo yote hayafiki. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kumaliza vifo vya kichaa kwa watu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Hapa ndipo kikundi kinapomzidi mtu mmoja. Chanjo hukaa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, na chupa nyingi huwa za dozi 10. Ikifunguliwa kwa mbwa mmoja, zilizobaki huharibika. Kikundi kikipeleka orodha ya mbwa 20 au 30 kwa ofisi ya mifugo, afisa ana sababu ya kupanda pikipiki na boksi lake la barafu.

Kwetu sisi tulio jirani na Tsavo, uliza pia kuhusu chanjo ya distempa, ile homa inayowapa watoto wa mbwa makamasi, matongo na degedege. Mwaka 1994 kule Serengeti iliua karibu thuluthi moja ya simba, na mbwa wa vijijini vya karibu ndio waliodhaniwa kuwa chanzo.

Siku ya chanjo chagueni Jumamosi, watoto wawepo, kwa sababu mara nyingi mbwa humsikia mtoto kuliko baba mwenye boma. Kila mbwa aje na kamba yake, na wakae mbalimbali chini ya miti, si kwenye foleni moja. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani, afisa amfuate huko, la sivyo mtapata vita. Watoto wa mbwa waletwe wakifika miezi mitatu. Chanjo irudiwe kila mwaka, na katibu aandike kwenye daftari jina la mbwa, rangi yake na jina la mwenye boma, maana Simba na Popi ni wengi kila kijiji.